Mwani sugu kwenye bwawa la nyumbani, na kwa nini unarudi kila baada ya wiki mbili

Mwenye bwawa anamwaga kilo ya klorini Jumamosi jioni. Jumapili maji yanakuwa kama maziwa, Jumanne yanang'aa, na Ijumaa ya wiki inayofuata kona ya ngazi imeanza tena kuteleza. Dukani anauziwa dawa ya mwani. Mwezi ujao anauziwa nyingine, kali zaidi na ghali zaidi. Tukipima maji ya bwawa la namna hiyo, karibu kila mara tunakuta jambo lilelile: klorini ilimwagwa, lakini haikushikiliwa. Iliua mwani unaoelea, ikaisha kabla ya kuufikia ule uliojishika ukutani, kwenye grauti ya vigae, nyuma ya taa na ndani ya mchanga wa filta. Huo uliobaki ndio unaozaa upya.

Mfano wetu ni bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Hiyo ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kwa bwawa lako, zidisha urefu kwa upana kwa kina cha wastani, kisha panga dozi kwa uwiano. Kina cha wastani unakipata kwa kujumlisha kina cha upande wa watoto na cha upande wa watu wazima, ukagawa kwa mbili. Tafadhali pima kwa futi kamba, usikadirie. Ukidhani una lita 30,000 na kumbe ni 50,000, kila dozi utakayoweka itapungua karibu nusu, nawe utalaumu klorini bure.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni mwani. Maji ya kisima kirefu, ambayo wengi wetu ndiyo tunayojazia, mara nyingi huja na chuma. Ukiyatia klorini, chuma hicho kinageuka na kuyapa maji rangi ya chai au kijani hafifu usiku mmoja tu. Tofauti iko hivi: maji yenye madini yana rangi lakini yanapitisha macho mpaka chini, na ukuta hautelezi. Mwani hufanya maji yawe na ukungu, na ukipitisha kiganja ukutani unahisi utelezi. Kama ni doa la kahawia kwenye kuta na huna uhakika, ponda kidonge cha vitamini C, kiweke kwenye soksi, ukibonyeze juu ya doa kwa dakika moja. Doa likififia, hilo ni la chuma, na klorini zaidi italizidisha. Mwani wa njano ukiupiga brashi unatimka kama vumbi. Mwani mweusi haubanduki kwa brashi laini hata kidogo.

Stabilaiza ndiyo inayoamua kila kitu

Jua la pwani linaila klorini isiyo na kinga kwa kasi ya kutisha. Adhuhuri, bwawa lisilo na stabilaiza linaweza kupoteza nusu ya klorini yake ndani ya saa moja hivi. Stabilaiza, ambayo ni asidi ya sayanuriki, huishika klorini isiharibiwe na jua. Lakini mkono huohuo unaoikinga ndio unaoizuia kufanya kazi. Kadiri stabilaiza inavyopanda, ndivyo unavyohitaji klorini nyingi zaidi ili kuua mwani uleule. Watu wengi wanafuata maandishi ya kopo, "miligramu 1 hadi 3 kwa lita", bila kujua stabilaiza yao iko wapi. Kwenye bwawa lenye stabilaiza 100, klorini 2 ni sawa na kutokuwa na klorini.

Kanuni tunayoifuata ni hii. Siku za kawaida klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, isishuke kamwe chini ya asilimia 7.5 ya stabilaiza. Ukitaka kuua mwani wa kijani, ipandishe mpaka asilimia 40 ya stabilaiza na uishikilie hapo. Mwani wa njano unataka asilimia 60. Kwa hiyo kama stabilaiza ni 40, kiwango cha chini cha kila siku ni 3, cha kuua kijani ni 16, cha njano ni 24. Kama stabilaiza ni 120, cha kuua kijani kinakuwa 48, kiasi ambacho kitakumalizia ndoo nzima ya klorini na bado hutaweza kukishikilia. Hapo dawa ni kubadilisha maji kwanza.

Inafikaje 120? Kwa vidonge. Vile vidonge vikubwa vya gramu 200 vinavyowekwa kwenye boya au ndani ya skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu, vinabeba stabilaiza ndani yake. Kwa kila miligramu 10 za klorini vinazoleta, vinaacha karibu 6 za stabilaiza. Klorini inaliwa na kuisha, stabilaiza inabaki. Haivukizwi na jua wala haichujwi na mchanga. Vidonge viwili kwa wiki kwenye bwawa letu la mfano vinaongeza stabilaiza kama 4.5 kila wiki. Hata ukitoa maji yanayopotea kwa kuosha filta, miezi sita inatosha kuifikisha jirani na 100. Hii ndiyo sababu bwawa lililokaa safi mwaka mzima linaanza "ghafla" kushika mwani ilhali mtunzaji hajabadilisha chochote.

Klorini ya chengachenga nayo ina aina mbili zinazofanana machoni. Kalsiamu haipokloraiti, ya asilimia 65 au 70, haina stabilaiza, na ndiyo tunayoitaka kwa kazi hii. Wengi huiita HTH hata ikiwa ya kampuni nyingine. Dikloro ina stabilaiza nyingi kuliko hata vidonge: 9 kwa kila 10 za klorini. Kama lebo imefutika, tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Ya kalsiamu inaacha unga mweupe chini, dikloro inayeyuka yote. Usizipime zote mbili kwenye glasi moja, na kijiko kiwe kikavu na safi. Jik pia ni klorini halisi isiyo na stabilaiza, ila ni nyepesi mno: kilo moja ya chengachenga ya asilimia 65 ni sawa na lita 18 na zaidi za Jik ya asilimia 3.5. Inafaa kwa kusukuma siku moja duka likiwa limefungwa.

Hapa lazima tuseme jambo la hatari. Vidonge na klorini ya kalsiamu havikutani kamwe vikiwa vikavu au na unyevu kidogo, si kwenye ndoo moja, si kwenye kikombe kimoja cha kupimia, si kwenye boya lililokuwa na vidonge. Vikikutana vinawaka, na vinaweza kulipuka. Asidi na klorini ya aina yoyote vikichanganyika vinatoa gesi inayochoma mapafu. Hifadhi asidi mbali, chini, mahali penye mlango wake, na klorini pahala pengine pakavu penye kivuli. Stoo ndogo ya pampu yenye joto, ambamo vyote vimepangwa juu ya rafu moja, ndiyo stoo tunayoiona katika nyumba nyingi. Ipangue leo.

Kubadilisha maji bila kuvunja bwawa

Stabilaiza ikiwa juu ya 80, toa maji. Ila usilimwage bwawa lote, hasa kama uko karibu na bahari au masika yamekolea. Maji ya ardhini sehemu kama Mbezi Beach, Msasani au Nyali yanaweza kuwa juu kuliko sakafu ya bwawa. Bwawa likijaa, uzito wake unayakandamiza. Ukilikausha, yanalisukuma kutoka chini: la fiberglasi linaelea na kuinuka, la zege linapasuka sakafu au vigae vinabanduka kwa safu. Gharama ya kulirudisha haifanani hata kidogo na ya klorini.

Toa theluthi moja, jaza, zungusha maji kwa siku nzima, pima. Rudia. Ukianza na 120, mara ya kwanza unafika 80, ya pili 53, ya tatu 36. Kwenye mfano wetu kila theluthi ni lita 16,000, boza moja la lita 10,000 na zaidi kidogo ya nusu ya jingine. Ni pesa, tunajua. Lakini zimesimama palepale: ama uzitumie kwa maji mara moja, ama uzitumie kwa klorini na dawa za mwani kila mwezi bila kufika popote. Kama unajazia kwa kisima, pima maji ya kisima yenyewe kabla ya kuyatia.

Siku ya kuanza

Anza asubuhi kwa kazi ya mikono. Vua majani yote kwa wavu, pamoja na yale yaliyolala chini usiyoyaona. Ua la mbugambilia na majani ya mwembe yaliyooza yanaila klorini kabla mwani haujaguswa, na kilo nzima inaweza kupotea kwenye tope la majani lililosahaulika kwenye kina. Safisha kikapu cha skima na kikapu cha pampu. Osha filta. Hakikisha maji yamefika katikati ya mdomo wa skima, kwani yakiwa chini pampu inavuta hewa na mzunguko unakufa.

Kisha pH, kipimo cha uchachu wa maji. Ishushe mpaka 7.2 kabla ya kuweka klorini, kwa sababu mbili. Klorini ina nguvu zaidi pH ikiwa chini. Pili, klorini ikipita 10 kipimo cha pH cha matone mekundu kinadanganya, kinaonyesha juu kuliko ukweli, kwa hiyo wakati wa kazi hutaweza tena kukisoma. Kwa mfano wetu, mimina nusu lita ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 32 polepole mbele ya tundu la kurudishia maji, pampu ikizunguka, mdomo wa chupa ukiwa karibu na maji ili isiruke. Subiri nusu saa, pima, ongeza ikibidi. Ukitaka kuizimua kwenye ndoo, maji yanatangulia na asidi inafuata, kamwe si kinyume chake. Vaa miwani na glovu, simama upande upepo unakotokea.

Jua likishazama, weka klorini. Stabilaiza 40, lengo ni 16. Miligramu 16 mara mita za ujazo 48 ni gramu 768 za klorini tupu. Gawa kwa 0.65 unapata kama kilo 1 na gramu 200 za chengachenga. Usizirushe kavu kwenye bwawa la vigae vya rangi, fiberglasi au plastiki: zitazama na kuacha mabaka meupe. Yeyusha. Ndoo ya plastiki ya lita 20, maji kwanza mpaka robo tatu, halafu nusu kilo ya klorini, koroga kwa fimbo safi ya plastiki, acha dakika kumi itulie. Mimina yale maji ya juu ukizunguka ukingo wote. Machicha meupe yanayobaki chini ni kalsiamu. Yaongeze maji mara moja tena, mimina, mengine yaache.

Piga brashi mara baada ya hapo. Ukuta wote, ngazi, chini ya mdomo wa skima, nyuma ya ngazi ya chuma, kuzunguka taa. Mwani una utando unaoukinga, na klorini iliyo ndani ya maji inauzunguka bila kuuingia. Brashi ndiyo inayoupasua utando huo. Kumwaga bila kupiga brashi ni nusu ya kazi.

Sasa ndiyo sehemu ambayo watu wengi wanaiacha. Pima tena baada ya saa moja. Kwenye bwawa la kijani kibichi utakuta ile 16 imebaki 5, au sifuri. Hiyo ndiyo klorini inafanya kazi yake, na ndiyo saa ya kuirudisha, si ya kwenda kulala ukiamini imeshamaliza. Kila miligramu 1 iliyopungua kwa lita inataka gramu 74 za klorini ya asilimia 65 kwenye bwawa letu. Imeshuka kwa 10, rudisha gramu 740. Siku ya kwanza fanya hivyo mara nyingi uwezavyo, siku ya pili na ya tatu angalau mara tatu kwa siku, na brashi asubuhi na jioni. Pampu izunguke usiku na mchana. Usishangae kazi yote ikila kilo sita mpaka kumi.

Angalia kipimo chako vizuri. Vile vya kugeuka waridi vinapauka klorini ikizidi sana: unatia dawa, rangi inatokea sekunde moja na kutoweka, unasoma sifuri kumbe iko 20. Zimua. Sehemu moja ya maji ya bwawa, sehemu nne za maji ya chupa, pima, zidisha jibu kwa tano. Vijikaratasi vya kuchovya havifai kabisa kwa kazi hii. Kama utanunua kitu kimoja tu baada ya kusoma hapa, nunua kipimo cha matone kinachohesabu klorini tone kwa tone, pamoja na kile cha stabilaiza chenye nukta nyeusi inayopotea kwenye mrija.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usisimame. Weka dozi yako, kisha changanya kwa brashi, ukisukuma maji kutoka kona moja kwenda nyingine kwa robo saa. Filta ikikaa zaidi ya siku bila mzunguko ikiwa na mwani ndani, ukiwasha anza kwa kuiosha kabla ya kuirudisha bwawani.

Utajuaje kwamba umemaliza? Maji kuwa ya bluu hayatoshi. Pima klorini jua likishazama, pampu ikizunguka, usiongeze kitu. Pima tena saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua. Usiku hakuna jua la kuila, kwa hiyo kilichopungua kimeliwa na kitu kilicho hai au kilichooza. Ikipungua zaidi ya 1, bado. Klorini iliyokwisha kufungwa, ile inayonuka na kuuma macho, iwe 0.5 au chini. Na uione mifuniko ya mifereji ya chini kwa uwazi kabisa. Yote matatu kwa pamoja. Ukiacha kwenye mawili, wiki mbili baadaye unarudi ulipoanza. Mpaka hapo pasiwe na mtu anayeogelea, na watoto msiwaache karibu: katika maji yasiyoonyesha chini, anayezama haonekani.

Mwani uliokufa

Siku ya pili au ya tatu kijani kinageuka kijivu au cheupe. Ni mizoga ya mwani. Filta ya mchanga itaichuja, lakini polepole. Fuatilia geji ya presha: ikipanda kwa kati ya nusu ba na 0.7 juu ya presha ya filta safi, osha. Zima pampu kwanza kila unapogeuza kono la vali. Kuligeuza pampu ikifanya kazi kunararua mpira wa ndani, na baada ya hapo maji machafu yanapita pembeni kurudi bwawani huku wewe ukiamini unachuja. Osha dakika mbili au tatu mpaka kidirisha cha kioo kionyeshe maji safi, kisha suuza nusu dakika kabla ya kurudi kwenye kuchuja.

Mizoga iliyolala chini ifyonze ukiwa umeweka vali kwenye kutupa, ili yatoke nje moja kwa moja badala ya kupita kwenye mchanga. Maji yatashuka, kwa hiyo jaza bwawa mpaka juu kwanza. Ikigoma kutua, shabu itaishusha, ileile inayotumika kusafisha maji ya mto. Gramu 48 kwa kila mita ya ujazo, yaani kilo 2 na gramu 300 kwa mfano wetu, iyeyushwe kwenye ndoo, imwagwe, vali ikiwa kwenye mzunguko bila filta kwa saa mbili, kisha zima pampu usiku kucha. Asubuhi chini kuna zulia laini kama wingu. Lifyonze polepole mno kwenye kutupa. Ukilipitisha kwenye filta, mchanga utaganda. Na shabu inakula alkalini, ile akiba ya maji inayoizuia pH kuyumba, hivyo pima pH baadaye.

Wa njano, na mweusi

Wa njano ni mjanja kwa kujificha. Unakaa upande wa kivuli, unafanana na mchanga au vumbi, ukiupiga brashi unatawanyika na kesho umetua palepale. Baada ya kumaliza kazi ya kawaida kwa asilimia 40, ipandishe klorini mpaka asilimia 60 ya stabilaiza kwa saa 24. Kabla ya hapo toa kila unachoweza kukitoa: ngazi ya chuma, mlango mdogo wa skima, boya. Taa izime kwenye swichi kuu, legeza skrubu ya juu, ivute. Waya wake umezungushwa nyuma kwa makusudi ili ifike juu ukingoni. Ndani ya tundu lile utakuta kiota. Wavu, brashi na mpira wa kufyonzea viache ndani ya maji usiku huo. Nguo za kuogelea zifuliwe kwa maji ya moto na zikauke kabisa.

Mweusi ni kitu kingine. Kwa hakika ni bakteria wanaojilisha kwa jua, wanakaa kwa tabaka, na wanashika ndani ya vitundu vya plasta na grauti. Ukikwangua juu, chini kumebaki. Kwenye plasta na grauti tumia brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Waya wa kawaida unaacha vipande vinavyofanya madoa ya kutu. Kwanza pasua vichwa vya madoa, kila doa peke yake, kisha shika kidonge cha klorini kwa glovu nene na ukisugue juu ya doa. Sharti ni kwamba ile chengachenga ya kalsiamu iwe imeshayeyuka yote na hakuna vipande vyake vimelala chini, na kidonge kisiache kikakaa. Kwenye fiberglasi na plastiki usifanye lolote kati ya hayo mawili, ni brashi ya nailoni tu; bahati nzuri huko mweusi hupata tabu kushika. Shikilia kiwango cha asilimia 40, piga madoa mara mbili kwa siku, na uhesabu siku saba mpaka kumi hata kama yameshapauka siku ya tatu. Doa linalorudi mahali palepale kwenye vigae linakuambia grauti hapo ni mbovu. Fundi aichimbue na kujaza mpya. Hakuna kemikali itakayoingia kwenye ufa wa milimita tatu kwenda chini.

Mchanga wa filta

Bwawa likishapona halafu likarudia, fungua filta. Zima pampu, funga vali, toa presha, fungua kifuniko. Uso wa mchanga uwe tambarare na mchanga utiririke mkononi. Ukikuta bonde, maji yanapita njia moja tu bila kuchujwa. Ukikuta mabonge, ni mafuta ya mwili na kalsiamu. Ingiza mpira wa maji mpaka katikati ya mchanga, ufungue kwa nguvu, tibua mpaka uchafu umwagike juu, kwa upole ili usivunje vidole vya plastiki vilivyo chini. Mchanga wenye miaka mitano mpaka saba ubadilishe wote. Usijaze mchanga wa ufukweni hata ukioshwa: una vipande vya kombe, na chembe zake zimelainika na hazilingani. Kinachotakiwa ni silika iliyochekechwa ya nusu milimita mpaka moja. Filta ya kipenyo cha inchi 24 inakula kama kilo 150.

Kuhusu mrututu

Mrututu ni ile chumvi ya bluu ya shaba. Kuna watunzaji wanaoutumia, na kwa kweli shaba inaua mwani. Tatizo ni kipimo. Robo ya mrututu ni shaba, na bwawani shaba isizidi miligramu 0.3 kwa lita. Kwa lita 48,000 hiyo ni gramu 57, kiasi cha kujaa kiganja. Anayemwaga nusu kilo ameweka 2.6, karibu mara tisa. Shaba haiishi wala haivukizwi. pH ikipanda inatua kwenye plasta kama madoa ya bluu na meusi yasiyotoka kwa brashi, na nywele nyeupe au zilizopaushwa zinageuka kijani. Kama bwawa lako limeshawahi kuwekewa mrututu, pima shaba kabla ya kudhani madoa meusi ni mwani. Ikibidi kuwa na kinga ya ziada kwa safari au msimu wa mvua, chukua dawa ya mwani ya polikwati ya asilimia 60, isiyo na shaba na isiyotoa povu, uiweke baada ya klorini kushuka kwenye kiwango cha kawaida.

Na wakati wa masika, pima kila siku. Mvua kubwa inazimua klorini, inaosha vumbi la paa na mbolea ya bustani kuingia bwawani, na mara nyingi umeme unakatika usiku huohuo. Weka klorini jioni kabla ya mawingu kufunguka, izidi kiwango chako cha chini kwa 2 au 3, na elekeza matundu ya kurudishia maji yote upande mmoja, yakitazama chini kidogo, ili kona ya ngazi isipate utulivu.